Aliyesugua Makaburi ya Wazungu

Swaumu binti Hassani alisugua makaburi ya Wazungu kwa miaka ishirini na minne, na mtu akikwambia alikuwa mjinga, mlete kwangu nimpe dozi yake. Mjinga alikuwa mwingine. Nitamtaja, msiwe na haraka.

Makaburi yenyewe yako hapa hapa Dodoma, Kikuyu, ndani ya wigo wa minyaa. Yako thelathini na manne. Ni vijana wa Kiingereza waliokuja kumfukuza Mjerumani vita vya kwanza, wakafa wengine kabla hata hawajamwona huyo Mjerumani, kwa malaria na kuhara damu. Kila mmoja alisimamishiwa jiwe jeupe, na kwenye jiwe wakachonga jina, namba ya askari na umri. Babu zetu waliowabebea masanduku ya risasi kichwani kutoka huko walikotoka walifukiwa nje ya wigo, bila jiwe wala kijiti, na watu wanalima uwele juu yao mpaka leo. Sisemi kitu. Niliapa nisimulie habari za Swaumu tu.

Mimi ni Paskazia, nilikuwa karani wa ofisi ya bustani. Waingereza wanaohusika na makaburi hayo walikuwa wanatuandikia sisi, na kila mwisho wa mwezi mimi niliwajibu: wigo umepunguzwa, nyasi zimekatwa, mawe yako safi. Nilikuwa naandika nimekaa kitini. Kutoka ofisini mpaka kwenye makaburi, ukianza kula muwa utafika hujaumaliza, lakini mimi nilikuwa naandika nimekaa kitini, nagonga muhuri, nakunywa chai.

Swaumu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwembamba, mrefu, mikono kama ya mwanamume. Aliolewa na fundi wa reli, marehemu Shaban, akamwachia watoto wawili, Habibu na Asma, na chumba kimoja cha udongo. Aliajiriwa mwaka sitini na tisa kufagia yale makaburi. Shule hakuiona hata mlango. Kurani aliijua kwa kichwa, sura kadhaa, lakini ukimwekea karatasi mbele anaigeuza juu chini kama mtu anayetazama khanga dukani.

Sasa sikilizeni alivyokuwa anafanya kazi, maana mambo yote yalianzia hapo. Huko milimani kwao alikolelewa, mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Zinafunikwa juu ya kichanja nje, matako juu, mpita njia azione. Mama mkwe akija anapitisha kidole. Kidole kikitoka na masizi, binti umeaibisha ukoo. Basi Swaumu aliingia kwenye yale makaburi, akaona mawe thelathini na manne yamekaa kwa mistari kama sufuria kichanjani, yamefanya ukungu, akasema, "Eh! Haya yana mwenyewe kweli?" Akaenda korongoni akachota mchanga, akachanganya na majivu, akachukua guo la katani, akasugua. Kila wiki, yote. Vile vishimo vya herufi ndivyo vilivyokuwa vinamuudhi zaidi, maana uchafu unajificha humo. Alikuwa anavichokonoa kwa njiti ya mfagio, kisha anasugua mpaka anasikia raha.

"Wewe Mgogo," alikuwa ananitania, "umezaliwa vumbini, umekulia vumbini, utajua nini usafi?"

"Na nyie Warangi mtaosha hata mvua," namjibu. Tunacheka. Nilikuwa namwamkia shikamoo, amenizidi miaka kumi, naye ananiita Karani.

Mawe yale yalikuwa laini. Sikujua. Yeye hakujua. Aliyewajibika kujua alikuwa amekaa kitini anagonga muhuri.

Habibu alimaliza la saba, akaenda JKT, akachukuliwa jeshini. Kijana mpole, mwenye mwanya. Mwaka themanini na saba kikosi chao kilipelekwa Msumbiji. Mwaka uliofuata wakaja watu watatu waliovaa magwanda mpaka mlangoni kwa mama yake, wakavua kofia. Walikuwa na begi la nguo zake. Walimwambia amekufa, na amezikwa huko huko kwa heshima zote.

"Wapi?" akauliza.

"Msumbiji, mama."

"Msumbiji ni kijiji? Nauliza wapi."

Walikunywa maji, wakaondoka. Alikuwa na miaka ishirini yule mtoto. Watu walisali msikitini bila jeneza, na wanawake tukakaa chini siku tatu tukitazama begi. Mama Habibu hakulia kwa sauti. Alinishika mkono mwishoni akaniambia kwamba kufa si neno, wote tutakufa, lakini yeye hakumwosha, hakumvisha sanda, hajui hata amelala ameelekea wapi. "Karani, nataka kujua alipo tu. Mungu akinionyesha alipo, sitamwomba kitu kingine."

Hilo ndilo alilolitaka hapa duniani. Kama kuna lingine, mimi sikulisikia.

Alirudi kazini baada ya arobaini, akanijia ofisini. "Nisomee wale wangu. Nani kati yao ana miaka ishirini?" Nikafungua daftari la ofisi, maana kila kaburi limeandikwa humo. Alikuwa mmoja tu, jiwe la tatu kutoka langoni. Tomasi. Ukoo wake ulimi wangu haukuuweza.

"Basi Tomasi ni wangu," akasema. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto: huko Msumbiji nako lazima kuna mwanamke mwenye ufagio. Mwanamke yule hamjui Habibu, kama yeye asivyomjua Tomasi. "Mimi nikimtunza wa mwenzangu vizuri, Mungu atamtia yule moyo amtunze wangu." Kuanzia siku hiyo mawe mengine yalisuguliwa mara moja kwa wiki, la Tomasi mara tatu.

Na ndiyo miaka ya ruksa ile! Zamani sabuni tulikuwa tunapanga foleni, mche mmoja mnagawana nyumba mbili. Sasa maduka yamefurika, kila kitu kipo, kuanzia kandambili mpaka sabuni za unga za kusugulia. Stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zikauzwa hadi kwenye genge la nyanya. Mama Habibu akaziona akafurahi kama mtoto. Akatupa guo lake la katani, akaanza kusugua mawe kwa stilwaya.

Mwaka tisini ikaja barua kutoka Uingereza, mwandiko unatetemeka. Aliyeandika ni mwanamke mzee, Misi Edna, hakuolewa, dada yake Tomasi wa mwisho aliye hai. Alikuwa na miaka mitano kaka yake alipopanda meli. Aliomba jambo dogo tu: aandikiwe maneno yote yaliyo kwenye jiwe, herufi kwa herufi, kwa sababu mama yao alikufa bila kuyajua.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikanyanyuka kitini, nikaenda.

Jamani. Nilisimama mbele ya jiwe la tatu. Lilikuwa linang'aa, uso wake mtupu. Ukiinama na kulitazama kwa ubavu jua likiwa chini, unaona "T" na mkia wa herufi nyingine, basi. Mawe mengine yalikuwa yamefifia, lakini unasoma. La Tomasi lilikuwa limekwisha. Na Mama Habibu alikuwa amepiga magoti pembeni, stilwaya mkononi, anaimba kidogo kidogo, uso umekunjuka kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Pamependeza, sivyo?" akaniuliza.

"Pamependeza," nikasema.

Mnaweza kusema nilimwonea huruma. Mimi mwenyewe nilijidanganya hivyo miaka mingi. Ukweli ni kwamba ripoti zangu za miaka ishirini zilikuwa zimeandika mawe safi, yanasomeka, na siku zile kila ofisi ilikuwa inaandaa orodha ya watu wa kupunguzwa kazi. Nikimkataza kusugua, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, habari itamfikia mkuu wetu, Bwana Yotham. Bwana Yotham ataomba ripoti. Nikarudi ofisini, nikanakili maneno kutoka kwenye daftari, nikamwandikia Misi Edna: jina la kaka yako linasomeka vizuri kabisa. Na nikaongeza kwamba kuna mama anayelitunza, ambaye mwanawe naye ni askari aliyezikwa nchi ya mbali asikokujua.

Ebo! Barua zikaanza kumiminika. Yule bibi alimpenda Mama Habibu kama pacha wake. Mimi nasoma, Mama Habibu anajibu, mimi naandika. Aliwahi kumtumia majani ya mwarobaini ulioota karibu na kaburi. Misi Edna akamtumia picha ya Tomasi akiwa na nguo za jeshi, masikio makubwa, na Mama Habibu akacheka, "Loo, huyu upepo ukivuma si anaruka?" Kisha mwanzo wa tisini na tatu bibi akaandika: mtoto wa kaka yangu mwingine ni daktari Msumbiji. Vita vimekwisha huko sasa, njia zimefunguka. Nimemwagiza amtafute mwanao. Mwezi wa nane nakuja mwenyewe Dodoma, na nitakuletea picha ya kaburi lake.

Nilipomsomea hiyo, Mama Habibu alikaa chini pale pale kwenye saruji ya ofisi. Halafu akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasimama akaenda moja kwa moja dukani kununua stilwaya.

Hapo bado ningeweza kusema. Kulikuwa na miezi saba. Barua moja tu: Misi, samahani, mawe yamelika, usishtuke ukija. Kila Jumatatu niliweka karatasi mezani, kila Jumatatu nikaitumia kwa jambo lingine.

Mwezi wa nane Dodoma upepo unavuma mpaka unakula meno. Misi Edna alikuja na gari la misheni, dereva akamshusha. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, mfupi, na fimbo, na macho yote mawili yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Bwana Yotham alivaa tai. Mama Habibu alivaa khanga mpya, amejipaka hina mikononi, na alikuwa amesugua siku tatu mfululizo mpaka vidole vimechubuka. Mawe yalikuwa yanachoma macho kwa weupe.

Walishikana mikono muda mrefu wale wazee, kila mmoja anaongea lugha yake, wanaelewana. Nusura nami nilie. Misi akaniambia, "Macho yangu hayasomi tena. Lakini vidole vyangu vizima. Mama yangu alitamani aliguse jina la mwanawe mara moja tu. Nimekuja kuligusa kwa niaba yake."

Tulimsaidia kupiga magoti. Akavua glavu. Akaweka vidole juu ya jiwe, akaanza kupitisha polepole, kushoto kwenda kulia. Akarudi. Akashuka chini kidogo. Akapanda. Akapitisha kiganja kizima. Akaligeukia upande wa nyuma akidhani amekosea uso.

"Umenileta penyewe?" akauliza.

"Ndiyo, Misi."

"Hapa hapana kitu."

Upepo ulikuwa unapeperusha nywele zake nyeupe. Akatambaa, ndiyo, akatambaa kwa magoti bibi wa watu mpaka jiwe la jirani, akapapasa, akakuta alama za jina la mtu mwingine, akarudi kwa Tomasi, akapapasa tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nani amefanya hivi?"

"Anasemaje?" Mama Habibu akaniuliza, anatabasamu.

"Anauliza nani amesugua."

"Mwambie ni mimi! Mwambie yote nayasugua, lakini la Tomasi mara tatu kwa wiki, na halikukosa hata wiki moja, hata nikiwa naumwa."

Bwana Yotham alikuwa anajua Kiingereza. Alinigeuzia jicho, na lile jicho lilikuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa ndani yake. Basi mimi, Paskazia, niliyebatizwa na kupewa kipaimara, nikafungua kinywa changu, nikamwambia yule bibi kwa Kiingereza safi nilichofundishwa na masista: "Ni huyu mwanamke. Tulimkataza mara nyingi. Hakutaka kusikia."

Bwana Yotham akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimepona.

Misi Edna aliinuka mwenyewe, hakutaka kushikwa. Alifungua mkoba, akatoa picha, akaipeleka mbele hewani, Mama Habibu akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa picha ya uwanja wa udongo mwekundu. Kulikuwa na makaburi ya saruji, madogo, yote sawasawa, mistari mitano, labda hamsini kwa jumla. Hakuna jina hata moja.

"Mwambie mwanawe yumo humo," Misi akasema. Maneno yalimtoka yamenyooka. "Mpwa wangu alifika, akaonyeshwa na mtu aliyewazika. Najua ni mstari wa ngapi, na kaburi la ngapi. Nimelikariri njia nzima ndani ya ndege ili nimwambie. Sasa simwambii. Mwambie atazame hiyo picha mpaka afe, asijue. Kama alivyonifanyia mimi."

"Anasemaje? Karani! Ni yupi? Yupi kati ya hawa?"

Ningefanyaje? Nyie mngefanyaje? Nikamtazama uso wake, nikasema, "Anasema Habibu yumo humu. Lakini macho yake hayaoni vizuri, hawezi kumwonyesha hapa. Akirudi kwao ataandika barua akwambie ni yupi."

Mama Habibu akautwaa mkono wa yule bibi akaubusu, mara mbili, akaupaka machozi. Misi Edna akauchomoa. Akaufuta kwenye sketi yake, huku na huku, akaenda zake garini.

Wiki ile ile Bwana Yotham alimfukuza kazi Mama Habibu. Alimwambia wazi kwamba amefuta majina ya marehemu. Mama Habibu akaja kwangu amevaa khanga kichwani kama mfiwa, akasimama dirishani.

"Karani, ni kweli nimewafuta?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe si unasoma? Si ulikuja siku ile? Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi mwenyewe sikuona, Mama Habibu."

Akalia. Alimlilia Tomasi, tena kwa sauti, kilio ambacho hakumlilia mwanawe. Akijifuta akasema, "Na yule Misi ana moyo, jamani. Nimemfutia kaka yake, na bado ataniandikia barua. Mimi nisingeweza."

Nikageuza uso, nikajifanya natafuta faili.

Alianza kuja kila Jumatatu. Barua? Bado. Tumbaku ya kusaga aliyoizoea aliiacha, akaanza kuuza vitumbua kwenye kibaraza, lakini Jumatatu hakiuzwi kitu, Jumatatu ni siku ya kuja kwangu. Picha alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa anaomba wote waliomzunguka wakisie. Asma, binti yake, alisema atakuwa yule wa pembeni maana Habibu hakupenda kubanwa. Yeye alikataa kukisia. "Nisije nikamwombea mtoto wa watu, wangu akabaki anasikia njaa," alikuwa anasema. Alikuwa anawaombea wote hamsini kwa jumla, na hilo halikumshibisha.

Mwaka tisini na tano orodha ilibandikwa na jina langu lilikuwamo. Nilijiuza bure! Na siku ile ile, kwa kuwa sikuwa na kazi tena ya kuogopea, nikapata ujasiri. Nikamwandikia Misi Edna kurasa nne. Nilimwambia kila kitu: huyu mama hakukatazwa na mtu, hajui kusoma, mwenye kosa ni mimi, nipige mimi, lakini mwambie yupi ni mwanawe.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata, kutoka kwa yule mpwa daktari. Shangazi yake alikuwa amekufa miezi miwili kabla barua yangu haijafika, Oktoba ya tisini na tano. Yeye mwenyewe alishaondoka Msumbiji. Kaburi hakumbuki, alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi akampa shangazi pamoja na picha, na vitu vya shangazi vilishagawanywa na kuchomwa. Aliniombea heri.

Nilimwambia Mama Habibu nusu tu. Nilimwambia Misi amekufa Oktoba. Akasema innalillahi, akamwombea, akafikiri kidogo, kisha akaniambia, "Labda aliandika kabla hajafa. Barua za Ulaya huchelewa." Nami wakati huo nilikuwa na kibanda cha mitumba pale sokoni, na Jumatatu zikaendelea hapo. Barua? Bado, Mama Habibu. Miaka mitatu mingine.

Mwaka tisini na tisa figo zilimshika. Asma akanifuata kibandani mchana, akasema, "Mama anakutaja." Nikaacha nguo zangu nje nikaenda naye. Nilimkuta amevimba miguu na uso, amelala kwenye mkeka, ile picha kifuani. Hakuweza kuinua kichwa.

"Karani. Barua?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikasema sasa, huyu anakwenda, Paskazia, mara moja katika maisha yako mpe huyu mtu anachotaka. Nikapiga magoti, nikaichukua ile picha. Nikaweka kidole. "Imekuja, Mama Habibu. Huyu hapa. Mstari wa pili, wa nne kutoka kushoto. Misi ameandika."

Sijawahi kuona uso wa namna ile. Alichukua picha, akaisogeza karibu na macho, akalitazama lile kaburi la nne, akaliwekea mdomo. "Habibu," akasema. "Habibu wangu. Mbona umelala mbali hivyo?" Asma alikuwa analia mlangoni. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu. Kwa muda wa kuchemsha maji hivi, nilikuwa mtu mwema.

Kisha akanigeukia.

"Imekuja lini?"

"Nini?"

"Barua."

"Zamani kidogo," nikasema. Ulimi tu, jamani, ulimi uliteleza.

"Zamani lini? Misi si alikufa tisini na tano?" Alikuwa anahema, lakini akili ilikuwa kali kama wembe. "Maiti haiandiki. Basi aliandika kabla. Basi ilikuja zamani zile, ukiwa bado ofisini."

Nikainamia mkeka.

"Nimekuja kwako kila Jumatatu. Kila Jumatatu, Karani. Ukaniambia bado."

Nilitaka kumwambia. Naapa lilikuwa hapa kooni. Lakini nikisema hakuna barua, nitakuwa namchomoa Habibu mkononi mwake, saa ile ile aliyompata. Ningemnyang'anya maiti yake mara ya pili. Na nikinyamaza, mimi ndiye niliyemficha mwanawe kabatini miaka sita. Nikanyamaza.

"Nilikukosea nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza akitaka kujua. "Nilikutania Ugogo wako? Ni hilo?"

"Mama Habibu..."

"Toka."

Akageukia ukutani na picha yake. Asma akanishika bega, akanitoa nje, na akafunga mlango. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake wengine kwenye mkeka, na Asma akaja mbele ya watu wote akaniambia niondoke, mama ameacha wasia nisishike hata kombe la maji ya nyumba ile. Nikaondoka. Watu wa Kikuyu walinitazama mpaka nikapinda kona.

Mpaka leo Asma hanisalimii. Lakini nyumba yao iko njiani kwangu, na mlango wao huwa wazi. Picha ile ameitia kwenye fremu, iko ukutani sebuleni. Amelizungushia kalamu nyekundu lile kaburi la nne, mstari wa pili, lililochaguliwa na kidole changu. Nasikia anamwombea kwa jina, huyo mmoja tu, na wale wengine ameacha kuwaombea.